Ati Mlima Meru umekula chaneli! Huyu fundi wa dishi mnamjua, msijifanye

Mama_Sakina
Wakuu, za jioni, ingawa yangu si njema. Jina sitaji. Kuanzia Sakina, Ngaramtoni mpaka Kwa Mrombo mnamjua: pikipiki, roli ya waya begani, na kile kimita cha kutafutia mawimbi kinacholia kama kifaranga kilichokanyagwa. Leo kapanda juu ya paa, kashika kiuno, katamka: "Mama, hizo chaneli zilizopotea zimezuiwa na mlima."

Mlima!

Dishi linatazama satelaiti ya digrii 7 mashariki. Kwa sisi wa Arusha hiyo iko upande wa magharibi, juu kabisa, kama digrii 55 kutoka upeo wa macho. Meru iko KASKAZINI. Ili izuie pale inabidi ing'oke usiku, ivuke barabara ya Namanga, ikae Monduli, halafu irefuke mpaka ndege zianze kuikwepa.

Na kama ni mlima, mbona unachagua? Nusu ya chaneli zipo, ubora wa mawimbi 78, picha kioo. Zilizopotea ZOTE ni za H, yaani mawimbi ya kulala; za V, ya kusimama, zipo. Mlima unajua H na V?

King'amuzi kinapeleka volti 13 ili LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, ipokee V, volti 18 ipokee H. H zikipotea zote kwa mpigo unaweka chaneli ya H, unapanda na mita, unapima volti kule kwenye LNB. Ukikuta 13 au 14, umeme unafia njiani. Unafia wapi? Pale alipounga yeye mwenyewe kabla ya masika, kwa kusokota! Waya wa kati kwa wa kati, nyuzi za nje kwa za nje, selotepu nyeusi juu kama anafunga kidonda cha mbuzi. Maji yameingia, shaba imekuwa kijani kama mchicha. Kile kiungo amekiona. Amekiruka. Akageuka kaskazini, akakunja jicho. "Mama, mlima."

Na hela ya kupanda paa kachukua.

Chalii_wa_Kijenge
Uzi bila picha ya fundi akiutazama mlima ni chai.

Volti18
Mama uko sahihi, ila nusu. Usipime ukiwa umechomoa LNB. Waya usiobeba mzigo mita itakusomea 18 safi hata kama kiungo kimeoza, maana mkondo haupiti. Weka kiungio cha T pale juu, LNB ikiwa imeunganishwa, ndipo upime. Halafu pima na nyuma ya king'amuzi. Nyuma 18 na juu 14, kosa ni la waya. Nyuma kwenyewe 13 hata ukiwa kwenye H, king'amuzi ndicho kibovu. Juu 18 kamili na H bado hakuna, badilisha LNB.

Mangi_Kiborloni
Huku Moshi wa kwetu anasema Kibo. Nadhani walisoma darasa moja.

Ila msiwaonee mafundi wote. Kwa Machame na Kibosho kinachozuia kweli ni mgrevilea. Dishi lilifungwa mti ukiwa wa kimo cha mbuzi, sasa umepita paa. Dalili yake ni tofauti: ubora unashuka kwa chaneli zote, majani yakilowa ndiyo unapotea kabisa. Mti nao haujui H na V.

Mama_Sakina
Bora angesema mti! Ningemwelewa! Mti ninao! Ati mlima.

Mzee_wa_Mita
Kabla hamjamsulubisha kijana wa watu, LNB imezungushwa vipi? Huku karibu na ikweta, kwa satelaiti iliyolala magharibi hivyo, LNB huzungushwa karibu robo duara kutoka ilivyochorwa kwenye boksi. Iache ilivyo kwenye mchoro, king'amuzi kitaomba V kipewe H: nguvu 90, ubora sifuri. Iache katikati, H na V zinaingiliana, kila kitu kinayumba. Ila kwa kuwa V zako ni 78, LNB imekaa sawa. Asiguse dishi.

Mama_Sakina
Mzee wangu, amelegeza nati tatu za nyuma "ili aukwepe mlima".

Mzee_wa_Mita
Inna lillahi.

Chalii_wa_Kijenge
😂😂😂 Ameukwepa mpaka amefika Singida.

Mpangaji_UngaLtd
Afadhali nyie mna waya wa kwenu. Niambieni kuhusu wenye nyumba wanaovuta waya mmoja, wanaugawa kwa spilita, vyumba sita, kisha kodi inapanda kwa sababu "kuna dishi". LNB ya tundu moja haiwezi kutoa H na V kwa wakati mmoja. Volti kubwa ndiyo inayoshinda. Chumba cha pili wakiweka tamthilia ya H, taarifa ya habari ya V inaganda chumba cha tano, mtangazaji mdomo wazi.

Chalii_wa_Kijenge
Kwa hiyo mwenye H ndiye mwenyekiti wa mtaa.

Volti18
Ndivyo ilivyo. Dawa ni LNB ya matundu manne, kila king'amuzi na waya wake hadi juu. Hiyo inatosha vyumba vinne. Vyumba sita vinataka LNB ya matundu manane au multiswichi, kile kiboksi cha kugawia vyumba vingi H na V bila kugombana, na mwenye nyumba hawezi kununua, msijidanganye.

Na waya pia muangalie. Chukua sumaku, gusisha kwenye waya wa kati. Ikinata, huo ni chuma kilichopakwa shaba: mawimbi yanapita, ila volti zinapungua njiani, na waya ukiwa mrefu H ndizo za kwanza kuaga. Mama, kata kile kiungo, vuta waya mzima usio na maungio. Kwenye konekta hata uzi mmoja wa nje usiguse wa kati. Kabla ya kuingia kwenye LNB uache waya utengeneze tumbo kidogo kwa chini, maji yadondokee pale.

Mpangaji_UngaLtd
Tumbo la waya tumeelewa. Mwenye nyumba anayezima swichi kuu saa nne usiku tunamfanyaje?

Mangi_Kiborloni
Huyo anatunza umeme, wewe unataka tamthilia.

Njiro_Bidhaa
Wakuu samahani kuingilia uzi. Nauza dishi la futi 6, la bati, na stendi yake. Kutu kidogo. Lina tundu moja chini.

Chalii_wa_Kijenge
Tundu la nini? Kuku walikuwa wanatagia?

Njiro_Bidhaa
La kutoa maji. Lilikuwa linatazama 36 mashariki. Hapa Arusha hiyo satelaiti iko karibu utosini, dishi linalala kama sinia la pilau. Bila tundu linajaa mvua.

Mama_Sakina
Jamani, tulikuwa kwenye mlima.

Mangi_Kiborloni
Njiro, bei ya mwisho? Na unaleta Moshi?