Mkurugenzi wa utafiti kaniita "NA WENGINEO" mbele ya ukumbi mzima, kwenye slaidi niliyoitengeneza MIMI

Mpima_Watoto:

Wakuu kamwene. Nipo stendi ya Igumbilo nasubiri basi la kurudi Mbeya, naandika vidole vinatetemeka, na asije mtu akasema ni baridi ya Iringa. Ni hasira.

Bosi wangu simtaji. Mnamjua. Yule mkurugenzi wa utafiti wa shirika lile, anayevaa skafu hadi Oktoba na kusema "sisi hapa ni familia" kila kazi inapozidi saa za kazi. Leo tulikuwa na mkutano wa mrejesho. Watu wa mkoa wapo, watu wa halmashauri wapo, wafadhili wapo mpaka kwenye skrini. Ikafika slaidi ya shukrani.

Kashukuru wafadhili. Kashukuru ofisi ya mkoa. Dereva kamshukuru kwa majina matatu, mpaka la babu yake. Hoteli kaishukuru kwa sambusa. Halafu pale chini kabisa, kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo: NA WENGINEO.

Wengineo ni mimi! Msaidizi wa utafiti mradi ule ni mmoja! Nimejihesabu mara mbili hapa stendi, niko mmoja tu.

Na ile slaidi niliichapa mimi saa nane usiku. Jina langu nililiweka, la mwisho, kwa adabu. Asubuhi akaomba laptopu "aangalie kidogo tu". Kumbe alikuwa anazika mtu. Na unajua nani alikuwa amekaa pembeni anabonyeza slaidi zipite? Mimi. Nimebonyeza kitufe kwa kidole changu mwenyewe, nikatokea pale ukutani nikiwa wengineo.

Miezi minne wakuu. Mada yetu ni udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, na mnajua mikoa yetu hii inavyotuaibisha: takwimu za 2022, Iringa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe 50.4, na huku ndiko chakula cha nchi kinakotoka. Kwa hiyo kazi ni kupima watoto urefu. Aliye chini ya miaka miwili unamlaza kwenye ubao, mama anashika kichwa, wewe unanyoosha magoti, anapiga kelele zinazosikika Malawi. Aliyezidi miaka miwili anasimama, yaani anatakiwa kusimama, ila anakuona na ule ubao anakimbilia mahindini. Mimi nyuma yake. Mkurugenzi yuko wapi? Yuko kwenye warsha.

Nimepanda zile kona za Chimala kwenda Matamba, wenyeji wanasema ziko 57, kwa pikipiki, ubao mgongoni kama jeneza la mtoto. Nimefika kijijini mtendaji anataka barua ya mkurugenzi wa halmashauri, naye mkurugenzi wa halmashauri alitaka ya katibu tawala wa mkoa, mwenyekiti wa kitongoji anataka soda. Nimekaa jikoni kwa bibi wa Kikinga namuuliza mjukuu alikula nini jana tangu alipoamka mpaka alipolala, ananijibu "chakula". Kipi bibi? "Cha kula."

Kwenye kusafisha data, nani aligundua mtoto mwenye urefu wa sentimita 840? Bosi alishaandika kwamba kijiji kile kina maendeleo mazuri! Yule si mtoto, ni nguzo ya umeme! Ningenyamaza, leo ukumbi mzima ungecheka. Nikaiona, nikarudi kwenye dodoso la karatasi, nikakuta 84.0. Nikarekebisha. Shukrani yake ndiyo hiyo.

NA WENGINEO. Hata "na kijana wetu" ningeipokea. Hata "na yule wa projekta".

Basi limefika. Naombeni ushauri, ila msinishauri niache kazi, nina kodi ya chumba Mwanjelwa.

Komredi_Kitonga:

Pole sana mkuu. Swali moja tu. Posho ulipokea?

Mpima_Watoto:

Nilipokea. Kwani posho inatamka jina langu?

Komredi_Kitonga:

Basi uzi ufungwe.

Dada_wa_Soweto:

Kaka huyu namjua! Si ndiye mwenye gari jeupe? Alinitumia dodoso la kurasa 40 Ijumaa saa kumi na mbili jioni, "dada, tafsiri kwa haraka tu, Jumapili naomba". Jumapili! Nimetafsiri "usalama wa chakula" kanisani kwaya inaimba.

Ndaga_Fijo:

Dada, wote wana magari meupe. Wangu pia. Na skafu anayo.

Dada_wa_Soweto:

Basi labda ni mmoja anatuzunguka wote.

Dodoso_Mtembezi:

Mleta uzi shukuru. Mimi jina langu liliandikwa kwenye ripoti, ila kwa makosa. Mimi ni mwanaume mwenye ndevu, ripoti inasema Bi. Sasa kila nikiomba kazi naambatisha ripoti na cheti cha kuzaliwa. Bora wengineo, haina jinsia.

Mpima_Watoto:

Ndugu yangu wewe upo kwenye maandishi! Mimi sipo! Atakayesoma ripoti miaka kumi ijayo atadhani wale watoto walijipima wenyewe.

Mzee_wa_Marejesho:

Mimi ni mhasibu wa shirika jingine, na acheni niseme. Nyie wadodosaji ndio mnatuletea presha. Mtu anarudi kutoka porini na marejesho ya laki tatu, risiti zote kaandika mwenyewe, mwandiko mmoja, kalamu moja, boda kumi tofauti. Mkaguzi akija nimwambie nini? Leteni risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, kama watu wengine.

Dodoso_Mtembezi:

Mzee wangu, shikamoo. Boda wa Matamba mashine ya EFD anaifunga wapi, kwenye tenki?

Mzee_wa_Marejesho:

Marahaba. Hilo si langu. Langu ni risiti.

Ndaga_Fijo:

Ndiyo maana wahasibu hamtajwi kwenye shukrani hata kwa "wengineo".

Mama_Wawili_Kilolo:

Nimesoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Mmekuja kwangu mara tatu, mashirika matatu. Mara tatu nimewaambia mtoto alikula nini jana. Mara tatu mmemlaza kwenye huo ubao akalia mpaka jirani akaja na mwiko. Mmeniachia kipande cha sabuni. Majibu hatujaletewa, tunasikia yamesomwa hotelini. Kwenye slaidi yenu mimi niliandikwa wapi?

Komredi_Kitonga:

Mleta uzi jibu hapo.

Mpima_Watoto:

Mama shikamoo. Kwenye slaidi ya saba. Umeandikwa "kaya".

Mama_Wawili_Kilolo:

Marahaba mwanangu. Haya. Na kingine, mnaniuliza mbona mtoto hali mayai wakati kuku ninao. Mayai nauza, nanunulia mbolea, mbolea naweka kwenye viazi, viazi anakuja dalali na gunia lenye kichuguu juu mpaka limeshonewa gunia jingine, analihesabu moja. Ndiyo lumbesa hiyo. Hilo dodoso lenu lina kipengele chake?

Mpima_Watoto:

Halina mama.

Mama_Wawili_Kilolo:

Basi.

Viazi_Makambako:

Mama usitulaumu madalali. Mwisho kisheria ni kilo 100 kwa gunia, tunajua, Wakala wa Vipimo wanatukumbusha kila siku. Ila ukipeleka Dar gunia lisilo na kichuguu, mnunuzi anakuangalia kama umemtukana mama yake.

Dada_wa_Soweto:

Uongo. Mjomba wangu wa Uyole anauza kwa mizani na wanunuzi anao.

Viazi_Makambako:

Mjomba wako anauza debe ngapi, mbili?

Ndaga_Fijo:

Lumbesa ni wizi, period. Sheria ipo haifuatwi, tusizungushane. Huku Rungwe ndizi nazo wameanza, mkungu unanunuliwa kwa macho.

Komredi_Kitonga:

Kwa macho? Sisi Ilula nyanya zinanunuliwa kwa simu, dalali hata shamba hajaliona, anakuambia "zimeoza kidogo".

Mpima_Watoto:

Jamani, basi letu limepita Mafinga sasa hivi na bado roho inaniuma. Tunaweza kurudi kwenye mada? Slaidi niliichapa mimi.

Viazi_Makambako:

Tulia mkuu, wewe na wengineo. Watu wanaongea mambo ya gunia.

Dada_wa_Soweto:

😂😂😂

Mzee_wa_Marejesho:

Hiyo nauli ya basi, chukua tiketi yenye risiti.

Viazi_Makambako:

Mama wa Kilolo, uko upande gani? Nina gari linapita Alhamisi. Napima kwa mizani, mbele yako.

Mama_Wawili_Kilolo:

Mizani ya nani?