Mrejesho: Monita ya chogo au flati?

Assalamu alaykum jamaa. Niliuliza hapa: kwa kiduka changu cha picha na kuchapa, Langoni, Lamu, nichukue monita mbili za chogo, zile nene za zamani zenye mgongo nyuma, nilizopewa bure Mombasa, au ninunue flati, zile nyembamba, za mtumba? Karibu nyote mlisema flati. Mzee mmoja tu ndiye aliyetetea chogo, kwa ajili ya rangi.

Nimechukua chogo moja na flati moja. Chogo ilivuka na boti kutoka Mokowe, kisha ikapanda punda. Mwenye punda aliipakata, akaniuliza kama nimenunua jiwe.

Mzee, hukukosea. Picha za harusi zenye mabuibui, kwenye chogo naona kila mkunjo wa kitambaa. Kwenye flati, nikiinama kidogo tu, weusi wote unakuwa kijivu. Herufi zake nazo zilikuwa na ukungu, hadi nilipoiweka kwenye kipimo chake halisi, nukta 1280 kwa 1024. Sasa zimekaa wembe, na macho hayaniumi jioni.

Ila umeme! Nilipima: chogo wati 74, flati 23. Stima ikikatika, betri yangu haiiwezi chogo hata kidogo.

Na asubuhi zenye unyevu chogo hutoa mlio nyuma, kama samaki kwenye mafuta. Nilitaka kuifungua niifute vumbi la chumvi, fundi akanizuia: ndani hubaki na umeme mkali hata ikichomolewa. Basi nimeisogeza mbali na dirisha la baharini.

Ile chogo ya pili ingali Mombasa. Anayeitaka aseme, nauli juu yake.