Kifua kinabana: ni mawazo au ni moyo? Naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Tangu mume wangu apunguzwe kazini na marejesho ya kikoba yaanze kutuelemea, nabanwa na kifua upande wa kushoto, mabega yanakakamaa hadi shingoni. Hospitali nimepimwa presha, damu na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), vyote viko sawa. Daktari akasema tu, "Mama, punguza mawazo."

Kinachonichanganya ni hiki: nikipandisha ndoo ya maji ngazini siumwi kabisa, wakati maumivu ya moyo mara nyingi huja mtu akifanya kazi nzito na kutulia akipumzika. Yangu huja usiku nikiwaza madeni. Pumzi inakuwa fupi, vidole vinafa ganzi. Nikibonyeza pembeni ya mfupa wa kifua, panauma palepale. Lakini ECG ya mtu aliyetulia inaweza kutoka safi hata moyo ukiwa na shida, na marehemu baba alikuwa na presha. Siwezi kupuuzia, nina watoto wadogo.

Mliopitia hali hii, mlijuaje? Niombe kipimo cha moyo cha kutembea kwenye mashine, nicheki vidonda vya tumbo, au nianze na mtaalamu wa saikolojia?