Steringi akifa mwishoni: je, mwisho mchungu huifaa filamu ya kutisha?

Mpenda Filamu wa Tudor (mwanzilishi wa mada)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Natanguliza tahadhari kwamba humu miisho itatajwa waziwazi, kwa hivyo mwenye nia ya kuzitazama filamu hizi bila kujua zinakoishia na asisome zaidi.

Sisi majirani kumi na wawili hivi hukutana mara moja kwa mwezi juu ya paa tambarare la nyumba moja hapa Tudor, Mombasa, tukatundika shuka jeupe, tukawasha projekta ya kuazima na kutazama filamu mpaka upepo wa Kusi ulichoke shuka letu. Mwezi huu zamu ya kuchagua ni yangu, na nimekwisha kutangaza kwamba itakuwa filamu ya kutisha. Tatizo ni kwamba mara ya mwisho nilipochagua, wahusika walikufa wote, na jirani mmoja akakikunja kiti chake kabla hata majina hayajaanza kupanda, akaniambia kwamba nimemkesheza bure ili aone watu wakishindwa. Nilikereka, lakini baadaye nikaona kwamba ana hoja inayostahili jibu.

Nimeona kwamba njia ya haki ya kulinganisha ni kuchukua hadithi iliyopewa miisho miwili, ili tuone mwisho peke yake unafanya kazi gani. Nimebaki na tatu.

Ya kwanza ni The Descent ya Neil Marshall, ya Uingereza, mwaka 2005. Wanawake sita wanashuka katika pango lisilokuwamo kwenye ramani, njia inaporomoka nyuma yao, na humo ndani mna viumbe vipofu vinavyowinda kwa kusikia. Sarah, ambaye mwaka mmoja nyuma alifiwa na mume na binti yake katika ajali ya gari, anapenya hadi nje, analikimbilia gari na kuondoka kwa kasi. Kisha anazinduka: bado yumo pangoni. Anamwona binti yake ameketi mbele yake na keki ya siku ya kuzaliwa, anatabasamu, na sauti za wale viumbe zinaanza kusikika gizani. Filamu ilipopelekwa Marekani mwaka 2006, kipande hicho cha mwisho kilikatwa, hadithi ikaishia garini, Sarah akishtuliwa na mzuka wa rafiki aliyemwacha chini. Ajabu ni kwamba huo wa Marekani, unaomwacha hai, ndio unaoishia kwa mshtuko wa kurusha watu vitini. Ule wa Uingereza unaishia polepole, nao ndio ambao miaka hii yote umekuwa ukinirudia.

Ya pili ni Speak No Evil, ya Denmark, mwaka 2022, pamoja na ile iliyotengenezwa upya kwa Kiingereza mwaka 2024. Familia moja inaalikwa na watu waliojuana nao likizoni, inaona vituko kimoja baada ya kingine, na kila mara inanyamaza kwa adabu. Katika ile ya kwanza wazazi wanauawa kwa kupigwa mawe, na wanapouliza kwa nini wanafanyiwa hivyo, jibu wanalopewa ni kwamba wao wenyewe ndio walioruhusu. Katika ile ya pili wageni wanapigana na kuokoka. Kwa maoni yangu hapa hapana mjadala, kwani ukiwaokoa umeiponya familia kwa dawa ya ugonjwa mwingine: ugonjwa wao ulikuwa ni kutoweza kusema hapana, na filamu ya pili inaugeuza kuwa suala la nani ana nguvu za kupigana.

Ya tatu ni The Mist ya mwaka 2007, nayo ndiyo inayonitatiza. Baba, mwanawe mdogo na watu wengine watatu wamo garini, petroli imekwisha, ukungu umewazunguka na ndani yake mna madudu. Bastola ina risasi nne. Baba anawaua wanne, akiwemo mwanawe, kisha anatoka akiyaita madudu yaje yammalize. Kinachojitokeza ni vifaru vya jeshi, na ukungu unaondoka. Katika hadithi ya Stephen King, iliyotoka mwaka 1980, hayo hayamo; watu wanaendelea na safari ndani ya ukungu wakiwa na tumaini dogo. Sijaamua kama mwisho wa filamu ni ukweli mchungu au ni ukatili wa mwongozaji. Naomba mawazo yenu.

Fundi Deki, Kongowea

Ndugu Mpenda Filamu, miaka ya 1990 nilikuwa na kibanda cha video, benchi sita na deki moja, kiingilio shilingi tano, na sheria ya kibanda ilijulikana hata na mtoto wa darasa la pili: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, hata kuzikwa, lakini mwisho ni lazima ainuke awalipizie wote waliomtesa.

Siku moja nilipata kanda ya rangi nyeusi na nyeupe, Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Ben, mtu mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, anakesha katika nyumba ya shambani akipambana na wafu wanaotembea. Wenzake wote wanaangamia, yeye peke yake anafika asubuhi. Anasikia watu wenye bunduki wamekuja kusafisha eneo, anachungulia dirishani, nao wanampiga risasi ya kichwa wakidhani kuwa ni mmoja wa wafu. Baada ya hapo ni picha mnato tu, mwili wake ukikokotwa kwa kulabu kwenda kuchomwa pamoja na wengine.

Kibandani wakaanza kupiga kelele kwamba kanda imekatwa. Niliapa kwamba haijakatwa, nikairudisha nyuma, nikawaonyesha tena, na bado walitaka sehemu ya pili ambayo steringi anafufuka. Nilirudisha shilingi tatu kwa kila mtu. Kwa hivyo mimi, kwa upande wa biashara, nakwambia kwamba mwisho wa namna hiyo una hasara, na anayeuchagua ajue analipa kwa mfuko wake. Hata hivyo naongeza kwamba watu walewale walikuja wiki iliyofuata wakitaka kujua kama yule Ben hakuwa na njia ya kupaza sauti mapema, na wakabishana hadi nikachelewa kuweka kanda ya siku hiyo.

Binti wa Kizingo

Kaka Fundi Deki, kisa chako kinaonyesha kitu ambacho nadhani mwanzilishi wa mada amekipita. Anapima mwisho kwa kuangalia kilichoonyeshwa kwenye skrini, ilhali nusu ya mwisho hutokea kichwani mwa mtazamaji.

Chukueni Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Chris ametoroka katika nyumba ya mateso, yuko barabarani usiku, amezungukwa na maiti, na mikono yake iko shingoni mwa yule msichana mzungu aliyemwingiza mtegoni. Ghafla taa za gari la polisi zinamulika. Peele alipiga kwanza mwisho ambao polisi wanamkamata Chris, na tunamwona baadaye akiwa gerezani, akizungumza na rafiki yake kupitia kioo. Kisha akaubadilisha: mlango wa gari unafunguliwa na anayeshuka ni rafiki yake mwenyewe, mlinzi wa uwanja wa ndege, aliyekuja kumchukua. Nilipoitazama, ukumbi mzima ulinyamaza taa zilipomulika, na mlango ulipofunguliwa watu walipiga makofi kama vile goli limefungwa.

Ule ukimya ndio hoja yangu. Kwa sekunde chache kila mmoja wetu aliutunga mwenyewe ule mwisho mchungu, bila kusaidiwa, kwa sababu tunajua mtu mweusi akikutwa na polisi katika hali ile nini humpata. Peele hakuuondoa mwisho wa kwanza, aliuhamisha akauweka vichwani mwetu. Kwa hivyo, kaka wa Tudor, si lazima umuue steringi ili mwisho mchungu ufanye kazi. Na mimi kwenye paa lako ningechagua hiyo, jirani yako asikunje kiti tena.

Mzee wa Makadara

Wanangu, mimi ni mtu wa zamani na filamu hizi nimetazama chache, lakini vitisho nimelelewa navyo. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kisa cha nunda mla watu, na kila kijana alipoua mnyama akamwimbia mama yake kwamba amemuua nunda, mama alimjibu kwamba huyo siye. Tulitetemeka tukajifunika shuka hadi puani. Lakini nunda mwisho aliuawa, na sisi tukalala. Hadithi ya usiku ina wajibu wa kumrudisha msikilizaji nyumbani.

Hata hivyo walikuwa wakimaliza kwa kusema kwamba hadithi ikiwa njema, wema wake ni wetu sote, na ikiwa mbaya, ubaya wake ni wa yule peke yake aliyeitunga. Mimi hapo ndipo ninapoishika hiyo filamu ya ukungu. Ubaya wake naurudisha kwa mtunzi. Kumfanya baba amuue mwanawe, kisha dakika ile ile kuleta majeshi, ni kama mtu aliyekuficha ufunguo mpaka umekwisha kuvunja mlango, ndipo akutolee mfukoni akicheka. Nilikuwa na watoto wadogo nilipotazamishwa filamu ile, na sikuona cha kujifunza wala cha kuogopa; niliona nimechezewa. Yule Ben wa Fundi Deki ni tofauti, maana waliomuua hawakutoka mawinguni. Ni watu wa nchi yake, na walikuwako tangu mwanzo hata kama hatukuwaona.

Mwalimu wa Fasihi, Likoni

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote naomba nikupinge kuhusu huo ufunguo, kwa sababu filamu iliuonyesha mapema sana, ila wengi wetu hatukuutilia maanani.

Mwanzoni, watu wakiwa wamejifungia katika duka kubwa, yuko mwanamke mmoja anayesema kwamba ameacha watoto wake nyumbani, anawaomba watu mmoja mmoja wamsindikize, na hakuna anayekubali, hata baba yule ambaye ndiye steringi wetu. Mwanamke anatoka peke yake, anamezwa na ukungu, nasi tunamhesabu kuwa amekufa. Katika msafara ule wa jeshi mwishoni, ndani ya lori moja, amesimama yeye na watoto wake, anamtazama baba huyo bila kusema neno. Ukimwona yeye, mzee wangu, jeshi haliwi tena bahati mbaya iliyoangushwa kutoka juu, bali ni jibu la swali lililoulizwa saa mbili nyuma. Mwongozaji, Frank Darabont, alikataa bajeti kubwa zaidi ili asiubadilishe mwisho huo, na King mwenyewe aliusifu. Sisemi kwamba kwa sababu hiyo unapaswa kuupenda. Nasema kwamba haukubandikwa.

Kinyume chake ni kisa cha George Sluizer. Mwaka 1988 alitengeneza filamu ya Kiholanzi, Spoorloos, kuhusu kijana ambaye mchumba wake anatoweka kwenye kituo cha petroli nchini Ufaransa. Miaka mitatu baadaye mtekaji anamjia na kumwambia kwamba atayajua yaliyompata mchumba wake kwa njia moja tu, kuyapitia yeye mwenyewe. Kijana anakunywa kahawa yenye dawa, na anapozinduka anawasha kiberiti cha gesi na kujiona yumo ndani ya jeneza, chini ya ardhi. Mwaka 1993 Sluizer huyohuyo aliirudia hadithi hii Marekani, na safari hii kijana anafukuliwa na kuokolewa. Wengine watasema hii si filamu ya kutisha kwa kuwa haina zimwi, lakini mimi sijaona mfano ulio wazi kuliko huu: mtu mmoja, hadithi moja, na ya pili haina uzito, kwa sababu kilichokuwa kinamsukuma kijana ni kiu ya kujua, na kiu hiyo inapaswa kuwa na bei.

Baharia wa Zamu ya Usiku

Yote mliyosema nayakubali, ila mmewapa heshima waongozaji wazuri tu. Nyingi ninazotazama mimi melini huisha kwa mkono kuchomoka ghafla, mwovu kufumbua jicho, na giza. Mkono wa Carrie, katika filamu yenye jina lake ya mwaka 1976, ulipotoka kaburini ulikuwa na maana, kwa sababu aliyeuota ni msichana aliyebaki na hatia. Wengine waliiga mkono wakaacha hatia.

Mpenda Filamu wa Tudor

Nawashukuru nyote. Mwalimu, nimerudi kuitazama tena The Mist kwa ajili ya yule mwanamke tu, na nakiri kwamba nilikuwa sikumwona kamwe ndani ya lori. Nilikuwa namtazama baba. Hata hivyo sitaiweka juu ya paa, kwa kuwa kati yetu wako wazazi watatu wenye watoto wachanga, na maneno ya Mzee wa Makadara yamenikaa.

Binti wa Kizingo, Get Out imebaki kuwa ya mwezi ujao, zamu ikimfikia mke wangu, ambaye nimekwisha kumshawishi. Mwezi huu nimechagua The Descent, ile ya Uingereza, kwa sababu Sarah hauawi na mwongozaji: anachagua kubaki alipo binti yake, na mimi siwezi kusema kwa hakika kama ameshindwa. Naomba atakayeitafuta aikague nakala yake kwanza, maana zote mbili ziko sokoni na ganda la diski halisemi. Ikiishia garini, ni iliyokatwa.

Yangu nimeikagua jana usiku, inaishia pangoni. Jirani wa kiti amesema atakuja, lakini ataketi karibu na ngazi.