Gumzo la ukoo: barua ya Rehema ya kuombea masta

*Jumamosi*

Rehema: Shikamooni wote. Jamani hiyo pdf hapo juu ni motiveshen leta yangu ya kuombea masta ya uhandisi wa maji Stuttgart na skolashipu ya DAAD, lile shirika la Wajerumani linalofadhili masomo, mwenye muda aisome aniambie ukweli, zimebaki wiki tatu. Shangazi nakutegemea wewe

Anko Rama: Marahaba injinia. Kurasa mbili zote hizo unaomba shule au mkopo?

Dula: 😂😂

Mama: Marahaba mwanangu. Sina miwani hapa ntaisoma baadae. Ila bado nauliza, kwani pale Arusha Nelson Mandela si wana masta ya maji hiyohiyo? Unapanda basi asubuhi jioni umefika. Ujerumani ukiumwa nani atakukorogea uji

Rehema: Mama na Nelson Mandela naomba pia. Ila hii wanataka uwe umefanya kazi sio chini ya miaka miwili na digrii yako isizidi miaka sita toka umalize, na mi nimemaliza 2020. Mwaka huu ukipita ndo basi tena, Nelson Mandela yenyewe haihami

Mama: Haya.

Anko Rama: Hiyo haya ya mama yako naijua, hiyo sio sawa 😂

Anko Rama: Halafu we si una GPA 3.8? Nimegugo hapa naona Wajerumani 1 ndo bora, 4 ndo mwisho wa kufaulu, 5 umefeli. Sa iyo 3.8 si unapita kwa kuchechemea?

Rehema: Hapana anko wanaigeuza. Kwao ni kama pointi za form four, ndogo ndo tamu, mwenye 7 anamcheka mwenye 17. Unachukua 5 yetu ya juu unatoa 3.8 inabaki 1.2, unagawa kwa 3 kwa sababu kwetu kufaulu kunaanzia 2.0 hadi 5, unazidisha kwa 3, unajumlisha 1. Yangu inatoka 2.2

Anko Rama: Nimeishia kwenye unatoa. Ila 2.2 nimeipenda

Baba: *Imesambazwa mara nyingi* FAIDA 9 ZA KUNYWA MAJI YA UVUGUVUGU ASUBUHI

Shangazi Mwana (Hannover): Jamani nimetoka zamu ya usiku ndo naona. Rehema nimeisoma mara mbili kwenye treni, sikia nikwambie na usinune. Mstari wa kwanza unasema toka utoto una shauku na uhandisi. Mwanangu toka utoto ulikuwa unataka kuwa mtangazaji, ulikuwa unashika mwiko wa ugali unatusomea taarifa ya habari, mi nilikuwepo. Para ya pili yote unawasifia chuo chao, wao wanajijua hawahitaji sifa zako. Para ya tatu Afrika ina changamoto ya maji, hiyo kila anayeomba ataiandika. Nimefika mwisho najiuliza Rehema yuko wapi humu

Dula: *Ujumbe huu umefutwa*

Rehema: Dula nimeuona kabla hujafuta

Dula: Sa si ulisema niipitishe kwenye AI iwe nzuri!! Imekuwa nzuri

Shangazi Mwana (Hannover): Imekuwa nzuri kama kadi ya harusi, unabadilisha majina tu

Anko Rama: Mi naona tusibanane na skolashipu, ikibuma tuuze kile kiwanja cha Chanika aende kwa kujilipia

Rehema: Anko asante ila ukijilipia ubalozi wanataka waone umeweka benki yuro 11,904 za kuishi mwaka mmoja, hiyo inapita milioni 30 na ada sijaitaja. Vyuo vingi vya serikali kule havina ada lakini jimbo la Stuttgart, Baden-Württemberg, wageni wa nje ya Ulaya wanatozwa yuro 1,500 kila muhula

Anko Rama: Kiwanja kibaki

Mama: Nimepata miwani nimesoma. Kingereza kizuri. Lakini mbona hujawaambia zile usiku?

Rehema: Usiku gani mama

Mama: Si kile kipindi ulichokuwa unalala mchana kama popo. Unaondoka saa 7 usiku na mafundi unarudi alfajiri buti zimejaa tope unanichafulia zulia, jirani ananiuliza mama Rehema huyu binti anafanya kazi gani, namwambia anasikiliza mabomba, ananiangalia tu

Rehema: Aa ile. Ile ilikuwa kazi ya kawaida tu mama

Shangazi Mwana (Hannover): Kawaida kwa nani?? Hebu ielezee hapahapa kama unamwelezea Dula

Rehema: Iko hivi. Kati ya saa 8 na saa 10 usiku watu wamelala, hamna anayefua wala anayeoga, kwahiyo mita inayoingiza maji mtaa mzima inatakiwa izunguke kidogo sana. Ikiwa bado inakimbia jua maji yanavuja mahali. Hapo tunatembea na ule mti wa chuma, ncha moja unaigusisha kwenye valvu au kwenye bomba ncha nyingine unaweka sikio, bomba zima linakaa kimya linalovuja linakoroma. Kuna mtaa mita ilikuwa inasoma kubiki 18 kwa saa usiku wa manane, tumezunguka siku nne hatuoni hata dimbwi, siku ya tano nikasikia mkoromo chini ya banda la chipsi, maji yalikuwa yanaingia moja kwa moja kwenye mtaro ndo maana juu pakavu. Tulivyoziba ikashuka hadi 5

Dula: Kwahiyo kubiki 13 kila saa zilikuwa zinaenda mtaroni? Hizo si simtenki 13 za lita elfu

Rehema: Kila saa. Na mtaa wa juu yake walikuwa wananunua maji ya toroli

Shangazi Mwana (Hannover): Rehema. Anza na banda la chipsi. Halafu waambie ulipokwama, kitu gani hujui ambacho kwao kinafundishwa

Rehema: Presha. Usiku ikipanda mabomba ya zamani yanapasuka, na kujua upunguze wapi bila kuwanyima wa mlimani inabidi uchore mtandao wote kwenye kompyuta uupigie hesabu. Sisi tunafunga valvu kwa kubahatisha tunasubiri simu za malalamiko

Shangazi Mwana (Hannover): Basi hiyo ndo sababu ya kwenda shule. Shauku wape Dula na AI yake. Naenda kulala

*Jumanne*

Rehema: Apdeti. Mwalimu wangu wa projekti emeli tatu hajajibu, leo nikamfuata chuoni na transkripti na ripoti yangu mkononi, kumbe ananikumbuka, ataniandikia barua ya kunipendekeza. Shida iko ofisini. Wanataka barua ya mwajiri yenye kichwa cha ofisi, sahihi, tarehe na muhuri, bosi kanitumia aya moja kwenye whatsapp anasema si hiyohiyo

Anko Rama: Kumbe na Wajerumani wanapenda muhuri! Nilijua ni sisi tu

Shangazi Mwana (Hannover): Rama huku bila karatasi hata kufa hufi. Rehema mwandikie wewe rasimu umpelekee asaini, muhuri si uko kwa sekretari

Rehema: Sekretari yuko likizo na droo kaondoka na ufunguo

Mama: Anakaa wapi huyo sekretari

Rehema: Mama usiende

Mama: Nimeuliza tu

*Alhamisi*

Mama: 📷 *Picha*

Dula: MUHURI 😂😂😂 mama umemfata hadi Mbagala??

Mama: Nilikuwa napita. Nimemkuta anaota jua, nikamwambia shida yangu, akavaa ushungi tukaja wote na daladala. Watu wazuri sana wale, kanipa na mihogo. We Rehema ukifika huko Ujerumani uwe unapiga simu

Rehema: Mama 😭 bado hata sijatuma

Rehema: Hii hapa para ya kwanza mpya nimeigeuza kiswahili ili wote muielewe: "Saa 9 usiku, nikiwa nimeweka sikio kwenye ncha ya chuma chini ya banda la chipsi, nilisikia maji ambayo mtaa wa juu ulikuwa ukiyanunua kwa ndoo. Nilirudi nyumbani saa hiyohiyo nikijua pa kuchimba, lakini sikujua kwa nini bomba lilipasuka pale."

Shangazi Mwana (Hannover): Sasa nakuona

Anko Rama: Hii hata mi ningekupa hela

Baba: Nimesoma. Hapo kwenye kurudi nyumbani haikuwa saa 9. Ilikuwa saa 10 na robo, adhana bado. Mimi ndiye niliyekufungulia geti.