Ngome na malkia katikati ya mchezo: nikishakasteli nizipeleke wapi?

mpwani_e4:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwenye chesi. Mwanzo wa mchezo nauweza, farasi na maaskofu natoa, nakasteli (mfalme anaruka pembeni, ngome inavuka kukaa upande wake wa pili), ila ikifika kama mwendo wa 14 au 15 hivi ngome zote mbili bado ziko nyumbani na malkia yuko c2 (herufi ni laini ya wima, namba ni safu ya mlalo) hapo sijui nimtume wapi. Kila mtu ananiambia weka ngome kwenye laini iliyo wazi, isiyo na askari yeyote, sawa naweka, mpinzani naye analeta yake hapohapo, tunalishana zote mbili, tunabaki na wafalme na askari, sare. Na pale ambapo hakuna laini wazi hata moja je? Halafu ipi iende, ya a1 au ya f1? Mara nyingi nacheza ufunguzi wa Gambiti ya Malkia, ile ambayo Mweupe anakula d5 mapema, kwa hiyo mwenye mfano wa humo atanisaidia zaidi.

fundi_wa_c7:
Mkuu, laini kuwa wazi haitoshi, jiulize kwanza ngome yako ikipanda hiyo laini inaingia wapi. Kama mraba wa c7, c8 na c6 vyote vinalindwa na askari na farasi wake basi hiyo laini ni yako kwa jina tu, na ndiyo maana mnaishia kulishana. Laini yenye thamani ni ile ambayo juu kule kuna mlango, hasa safu ya 7, maana kule askari wake ambao hawajasogea wote wako mstari mmoja, wanaliwa kutokea pembeni na hawana askari mwenzao wa kuwalinda, na mfalme wake anabaki amefungiwa safu ya 8. Ukifikisha ngome mbili kule, hata kama uko nyuma kwa kete, mara nyingi unapata angalau cheki (kumshambulia mfalme) za kurudiarudia ukatoka na sare.

Sasa kwenye huo mchezo wako. Baada ya kulishana d5 wewe una laini ya c nusu wazi (askari wako hayupo, wake yupo), yeye ana ya e nusu wazi. Askari wake wa c6 kakaa pale analindwa na b7, ukipiga ngome c1 peke yake utakuwa unatazama ukuta. Kinachofanyika ni ngome ya a1 inaenda b1, unasukuma b4, halafu b5, ukishakula c6 naye akila kwa askari wa b, yule wa c6 anabaki hana askari wa kumlinda, HAPO ndipo ngome ya f1 inakuja c1 na malkia wako c2 anakuwa na kazi. Umeona, ngome zilipangwa kabla laini haijafunguka. Ila kama mpango wako ni f3 na e4 katikati, usiende b1 kabisa, ngome ya a1 iende e1 na ya f1 ibaki palepale nyuma ya f. Kwa hiyo hilo swali la ngome ipi linajibiwa na askari gani unataka kumsukuma.

bi_sataranji:
Naongezea hapo kwa fundi, kuhusu kulishana. Si lazima uruhusu. Kuna mchezo wa Karpov, bingwa wa dunia wa zamani, akiwa Mweupe dhidi ya Unzicker, Olimpiadi ya chesi ya Nice mwaka 1974, laini ya a ilikuwa wazi na ngome zinatazamana, kila mtu angetegemea zilishane. Karpov mwendo wa 24 akachukua askofu wake akampeleka a7, akaziba laini yake mwenyewe! Nyuma ya yule askofu akazipanga ngome zake kwa raha zake, Mweusi hawezi kulisha kitu, na akijua siku askofu akiondoka pale laini inafunguka ikiwa tayari ni ya Mweupe. Halafu Karpov akageukia upande wa mfalme, na Mweusi aliyebanwa namna ile hakuweza kulinda pande zote mbili. Mimi naupenda sana huo mchezo kuliko yenye kafara nyingi, hebu uucheze taratibu ubaoni kwa mkono, usibofyebofye tu kwenye simu.

Kwa hiyo mwenye nafasi kubwa asikimbilie kulishana ngome. Aliyebanwa ndiye anayetaka kulishana ili apumue.

Juma_farasi_wawili:
Mbona malkia hamjamgusa, na swali limemtaja? Wengi wanamtanguliza mbele, malkia juu ngome chini, matokeo yake anafukuzwa na farasi, na askofu, na hata askari, kila akifukuzwa mpinzani anapata mwendo wa bure. Kwenye laini malkia akae NYUMA ya ngome, zikilishana yeye ndiye wa mwisho kula.

Mfano wake mkubwa ni Alekhine, bingwa wa dunia wakati huo, akiwa Mweupe dhidi ya Nimzowitsch, San Remo 1930. Alekhine akaweka ngome c3, ngome c2, na mwendo wa 26 akamrudisha malkia c1, nyuma kabisa, watu mpaka leo wanaita bunduki ya Alekhine. Mweusi alikuwa na farasi c6 amebanwa, kwa juu anasukumwa na askofu wa a4 ambaye nyuma ya farasi anamtazama malkia d7, kwa chini anasukumwa na hizo kete tatu, na mfalme mwenyewe ikabidi atembee mpaka d8 kuja kulinda c7. Mwendo wa 30 Alekhine akasukuma h4 tu, askari wa pembeni, basi mchezo ukaisha, Nimzowitsch akaachia. Kete zake kubwa zote zilikuwa zimefungwa kwenye ulinzi, vimebaki vimwendo vichache vya askari, vikiisha lazima asogeze kete mojawapo na b5 inamla farasi. Na huyu Nimzowitsch ndiye aliyewafundisha watu habari za laini wazi na safu ya 7, alijua kinachokuja, hakuwa na namna.

mpwani_e4:
Duh, asanteni sana wakuu, hii ya b1 kabla ya kufungua imenifungua macho. Dada bi_sataranji huo wa Karpov nautafuta leo leo. Swali moja dogo, kama laini zote zimefungwa na askari wamekwamana katikati, ngome inakaa tu?

bi_sataranji:
Hapana mdogo wangu, inapanda. Ngome ya f1 inaenda f3 halafu h3 au g3, mbele ya askari wako, inamkabili mfalme wake moja kwa moja. Lakini angalia vitu viwili kabla hujapanda. Kwanza katikati pawe pamefungwa kweli, maana pakifunguka ngome yako itakuwa iko pembeni huko wakati vita viko laini ya e. Pili askofu wake wa rangi ya huo mraba awe hayupo au kazibwa, h3 ni mraba mweupe, kama ana askofu wa miraba myeupe anayeona c8 mpaka h3 utakuwa umempelekea ngome aile bure.

fundi_wa_c7:
Na mkuu tazama pia mchezo wa Mmarekani Morphy, Paris 1858, ule wa kwenye jumba la opera, miendo 17 tu. Akakasteli upande wa malkia, ngome ikatua d1 papo hapo, akaitoa kafara d7, na ya h1 ikahamia d1 kuchukua nafasi yake, kisha akamtoa malkia mwenyewe b8 na hiyo ngome ya pili ikapiga meti d8, mfalme hana tena pa kukimbilia. Wakati huo ngome ya Mweusi ya h8 na askofu wa f8 hawajasogea hata mara moja. Ukimaliza huo tuletee mchezo wako mmoja hapa wa b4-b5 tuuangalie pamoja, weka miendo yote tangu wa kwanza.