Nywele nene kidevuni na shingoni: nianze na wembe, leza au dawa za homoni?

Binti wa Bombo anauliza:

Assalaam alaykum, dada na mama zangu. Nina umri wa miaka 27, ninaishi Bombo na kila siku ya kazi husafiri kwenda Kampala. Nilipokuwa na miaka 17 hivi, malaika ya kidevuni yalianza kugeuka kuwa nywele nyeusi, nene na ngumu, na mwaka hadi mwaka zimeenea chini ya taya, zikashuka shingoni, kisha zikatokea kifuani na chini ya kitovu. Hedhi yangu haijawahi kufuata mwezi. Huja baada ya miezi miwili, mara nyingine mitatu. Mwaka jana nilipigwa picha ya ultrasaundi, nikaelezwa kwamba ovari zangu zina vifuko vidogo vingi, na daktari aliyenihudumia akasema tu kwamba nikiolewa na kuzaa mambo yote yatatulia. Sikupewa maelezo mengine wala dawa.

Kila alfajiri, kabla ya kutoka nyumbani, hukaa mbele ya kioo nusu saa nikinyonyoa nywele moja moja kwa kibanio. Ngozi ya kidevu imejaa vipele na madoa meusi, na sasa madoa hayo yananihuzunisha kuliko nywele zenyewe. Nitaolewa baada ya miezi minane, inshallah. Ssenga wangu, yaani shangazi wa upande wa baba, ambaye kwa desturi ndiye anayeniandaa, ameyaona na kunishauri nitumie nta, ilhali mwenzangu kazini anasisitiza leza. Duka moja la urembo mjini limenitaka nilipie awamu sita kwa mkupuo hata kabla ya kuitazama ngozi yangu, ambayo ni nyeusi sana. Naomba ushauri wa mtu aliyepitia jambo hili au anayelielewa. Na je, ni kweli kwamba nikinyoa kwa wembe zitaota nene zaidi, kama nilivyoambiwa tangu utotoni?

Muuguzi wa Jinja anajibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake linaweza kukupunguzia mateso kuanzia kesho asubuhi. Kunyoa hakuongezi unene wa nywele wala idadi yake. Mwaka 1928 mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, alichapisha matokeo ya kupima nywele za ndevu zilizonyolewa, na hakuona mabadiliko ya unene wala ya kasi ya kuota. Kinachotudanganya ni kwamba wembe hukata unywele katikati ya shina lake, hivyo unapochomoza tena ncha yake huwa butu na mtu akipapasa huhisi ni mgumu zaidi.

Kibanio ndicho ninachokiogopa katika maelezo yako. Nywele zetu zimejikunja tangu kwenye shina. Ukiuvuta unywele mara nyingi hukatikia chini ya ngozi, na unapoota upya hupinda na kuichoma ngozi kutoka ndani. Mwili huuona kama mwiba, mahali hapo huvimba, kisha huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Nta na uzi navyo hung'oa kutoka kwenye shina, kwa hiyo kwa mtu ambaye tayari ana vipele vinaweza kuendeleza tatizo lile lile, ingawa kwa nyusi na sharubu nyepesi vinafaa wanawake wengi. Kwa heshima zote kwa ssenga wako, nisingekushauri nta kidevuni kwa sasa. Weka kibanio kando, ulainishe ngozi kwa maji ya uvuguvugu, kisha unyoe kufuata upande ambao nywele zinaota, bila kuivuta ngozi na bila kurudia mahali pamoja mara nyingi. Mashine ndogo ya umeme inayoacha nywele fupi sana ni salama zaidi kuliko wembe unaozikata hadi kwenye ngozi. Wembe uwe wako peke yako, hata saluni, kwa sababu damu kidogo tu inatosha kupitisha homa ya ini aina ya B.

Sasa chanzo. Hedhi isiyo na mpangilio pamoja na nywele nene katika sehemu ambazo kwa kawaida huota kwa wanaume ni ishara mbili kati ya tatu ambazo, kwa vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu mjini Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, hutosha kuutambua ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi baada ya magonjwa mengine kuondolewa shaka. Ishara ya tatu ni hiyo picha yako. Tatizo hili hukadiriwa kumpata takriban mwanamke mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa, kwa hiyo hauko peke yako hata kidogo. Daktari makini atapima testosteroni (homoni ya kiume), homoni ya tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa) na homoni nyingine inayoonyesha kasoro za tezi zilizo juu ya figo. Aipime pia sukari ya damu, kwa kuwa wanawake wengi wenye hali hii miili yao huipinga insulini, homoni inayodhibiti sukari. Je, shingo yako kwa nyuma, au kwapa, ina weusi mnene kama mahameli? Nimewaona wasichana wakiusugua weusi huo kwa jiwe wakidhani ni uchafu, kumbe ni alama ya insulini iliyozidi.

Kauli ya kwamba ndoa na uzazi vitaponya jambo hili inanisikitisha, kwa sababu inamwacha mwanamke bila matibabu. Hedhi inayokawia zaidi ya miezi mitatu mara kwa mara huacha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ukijengeka bila kusafishwa, na hilo linahitaji kushughulikiwa hata kama usingekuwa na unywele hata mmoja. Nywele zikianza ghafla na kuenea kwa miezi michache tu, sauti ikawa nzito au nywele za utosini zikapukutika, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali haraka, maana nyuma yake huenda kukawa na uvimbe unaotoa homoni. Maelezo yako ya miaka kumi hayafanani na hayo, na hilo linanipa utulivu.

Mama wa Arua anajibu:

Mwanangu, mimi ndiye niliyelipa kwa mkupuo. Miaka iliyopita nilikwenda mahali pamoja mjini Kampala, wakanionyesha mashine ya mwanga na kunihakikishia kwamba inafaa ngozi zote. Mara ya pili nilitoka na alama za kuungua zilizopangana shavuni kama meno ya kitana, na zilichukua zaidi ya mwaka kufifia. Baadaye daktari wa ngozi alinieleza jambo ambalo ningepaswa kuelezwa mapema. Leza huutafuta weusi wa unywele ili ipitishe joto hadi kwenye shina, na ngozi nyeusi nayo ina weusi ule ule, kwa hiyo mwanga usiochaguliwa vizuri huichoma ngozi kabla haujafika kwenye shina. Kwa sisi inayopendekezwa ni leza ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, kwa sababu hupenya ndani zaidi na hainaswi sana na weusi wa juu, tena itumike pamoja na kifaa cha kupoza ngozi. Vile vifaa vya mwanga vya kutumia nyumbani, vingi vimeandikwa kwenye boksi kwamba havifai ngozi nyeusi sana. Soma boksi, mwanangu.

Hatimaye nilifanyiwa kwa Nd:YAG. Walijaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya, tukangoja wiki kadhaa, ndipo tukaendelea kwa awamu nane, moja kila baada ya wiki tano hivi. Awamu ni nyingi kwa sababu leza hulipata shina lililo katika kipindi cha kuota tu, na mashina hayaoti yote kwa wakati mmoja. Kabla ya awamu unyoe, lakini usinyonyoe kwa wiki nne au zaidi, maana shina lisipokuwepo leza haina cha kushika. Nywele zangu zimepungua sana na zilizobaki ni laini, ila mara mbili kwa mwaka hurudi kuzigusa upya, kwani homoni huyaamsha mashina mengine. Anayekuahidi kwamba hutaona unywele tena maishani anakudanganya.

Zile chache zilizoota mvi niliziondoa kwa umeme wa sindano, kwa sababu leza haizioni. Sindano nyembamba huingizwa katika kila tundu la unywele na kuliunguza shina lake, na hiyo ndiyo njia ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani huikubali kuwa ya kudumu. Ni kazi ya polepole sana, kwa hiyo haifai eneo kubwa. Hakikisha kila sindano inafunguliwa mpya mbele ya macho yako, na kama kidonda hukuachia kovu lililovimba, liseme mapema.

Mfamasia wa Mbarara anajibu:

Wenzangu wameeleza vyema. Mimi nitazungumzia dawa, kwa sababu tarehe ya ndoa inabadilisha ushauri.

Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili ndivyo huanza kutolewa mara nyingi. Hupunguza testosteroni inayotengenezwa na ovari, na estrojeni (homoni ya kike) iliyomo hulifanya ini litoe protini inayoifunga testosteroni iliyobaki isiyafikie mashina ya nywele. Sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu haina estrojeni, kwa hiyo isichukuliwe kuwa mbadala wake. Mwenye shinikizo la damu, historia ya damu kuganda, au kipandauso kinachotanguliwa na miale machoni asivitumie bila kuzungumza na daktari. Spironolaktoni, kwa kawaida miligramu 50 hadi 200 kwa siku, huizuia testosteroni isifanye kazi kwenye shina, lakini inaweza kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume akiwa tumboni, ndiyo maana hutolewa pamoja na njia ya uhakika ya kuzuia mimba. Dawa zote hizi huhitaji takriban miezi sita kabla ya kuonyesha tofauti, na nywele ambazo tayari ni nene bado zitahitaji kuondolewa. Metformini, dawa ya kisukari, husaidia sukari na hedhi, ila kwa nywele matokeo yake ni hafifu.

Dada, ukitaka mtoto mara tu baada ya ndoa, sioni faida ya kuanza spironolaktoni sasa kisha kuiacha pale inapoanza kufanya kazi. Na usikubali kuambiwa kwamba hutazaa. Mayai yasipopevuka, kuna vidonge vya letrozoli ambavyo madaktari huvitumia kuyapevusha.

Ipo pia krimu ya eflonithini, asilimia 13.9, ambayo hupunguza kasi ya kuota kwa nywele za usoni bila kuziondoa. Sisi Waganda tunapaswa kuijua dawa hii kwa sababu nyingine: ndiyo iliyotibu malale, ugonjwa uliowatesa watu wa West Nile, kaskazini magharibi mwa nchi yetu, kwa miongo mingi, na aina ya malale ya huko Uganda ilithibitishwa mwaka 2022 kuwa imeacha kuwa tatizo la afya ya umma. Krimu ikiachwa, nywele hurudia kasi yake ndani ya wiki nane hivi. Nayo isitumike wakati wa ujauzito.

Kuhusu madoa, nakusihi usiguse krimu za kung'arisha zenye zebaki au haidrokwinoni zinazouzwa masokoni. Jikinge na jua, acha kunyonyoa, na daktari wa ngozi akupe asidi ya azelaiki ikihitajika.

Binti wa Bombo anajibu:

Nimesoma kila neno, nyingine mara mbili, na machozi yamenitoka kwa kuwa hakuna aliyewahi kunieleza haya. Shingo yangu kwa nyuma ni nyeusi kama alivyoeleza muuguzi, nami nimekuwa nikiisugua tangu sekondari. Mimi na mchumba wangu tungependa mtoto mapema, kwa hiyo dawa za homoni nitaziacha kwanza. Leo nimenyoa kwa mara ya kwanza. Nitapima sukari wiki hii, na lile duka la urembo nitaliuliza aina ya mashine yao kwa maandishi. Swali moja limebaki: nikianza Nd:YAG sasa, siku ya harusi nitakuwa wapi?

Mama wa Arua anajibu:

Ukianza mwezi huu utakuwa umemaliza awamu tano au sita, na nywele zitakuwa zimepungua vya kutosha kwa wembe mara moja kwa wiki. Awamu ya mwisho iwe angalau wiki tatu kabla ya harusi, ili wekundu au ganda lolote lipone. Na mweleze ssenga wako, mwanangu, asije akakupaka nta usiku wa kuamkia siku hiyo.